Mapafu, saa 72 na swali nililolisahau

Leo naweka kando seva na misimbo, nizungumzie mapafu. Msishangae, kompyuta tutaifikia.

Nimesoma utafiti wa mwaka 2013 kuhusu watu waliopandikizwa mapafu. Pafu la marehemu hukaa kwenye baridi bila damu kwa saa kadhaa. Damu ikirudi ndani yake, likiwa tayari katika mwili wa mgonjwa, linaweza kuvimba na kujaa maji. Hatari hiyo ni kubwa ndani ya saa 72 za kwanza. Madaktari hupima oksijeni iliyo kwenye damu, kisha hugawanya kwa sehemu ya oksijeni katika hewa anayovuta mgonjwa. Jibu likiwa chini ya 200, na eksirei ikionyesha maji, hilo ni daraja la 3, baya kuliko yote.

Watafiti walifuatilia wagonjwa 1,255 wa hospitali 10 za Marekani, waliopandikizwa kati ya 2002 na 2010. Asilimia 16.8 walifika daraja hilo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye uzito uliozidi, wenye shinikizo la juu kwenye mishipa ya mapafu, waliopewa pafu moja badala ya mawili, na waliowekwa kwenye mashine ya kusukuma damu wakati wa upasuaji. Oksijeni nyingi mno pale damu inaporudishwa nayo ilihusishwa na hatari hiyo. Na mwisho, kama mtoaji wa pafu aliwahi kuvuta sigara.

Utasema, "Kenya tunapandikiza figo, mapafu yanatuhusu nini?" Ngoja.

Niliwahi kutengeneza programu ya kumbukumbu za wagonjwa kwa zahanati moja hapa Nakuru. Kwenye fomu niliweka: "Unavuta sigara? Ndiyo/Hapana." Nikaona nimemaliza kazi.

Shangazi yangu wa Njoro hajawahi kushika sigara. Lakini amepikia kuni tangu utotoni, katika jiko lisilo na dirisha, na kwa baridi ya kule hakuna anayeacha mlango wazi jioni. Siku hizi akipanda kilima kidogo husimama mara tatu kutafuta pumzi. Kwa programu yangu, shangazi hajawahi kuvuta moshi.

Maoni yangu ni haya: wale Wamarekani waliiona hatari ya sigara kwa sababu kuna mtu aliuliza na mwingine akaandika. Fomu ya kunakili kutoka ng'ambo huuliza maswali ya ng'ambo. Siku tutakapopandikiza mapafu, watoaji watatoka Molo, Gilgil na Subukia. Tukitaka kujua kama moshi wa kuni nao una madhara kwa pafu lililopandikizwa, tutachimba kumbukumbu zipi? Na hata kabla ya siku hiyo, daktari wa shangazi anahitaji kujua leo.

Najua wauguzi wana foleni ndefu. Ndiyo maana nimeongeza maswali matatu tu, yanayoulizwa mara moja: unapikia nini, kwa miaka mingapi, na jikoni kuna dirisha?

Wewe unayetengeneza programu za hospitali, fungua fomu yako usiku huu. Swali gani la kwetu halimo?

Tuonane wiki ijayo.