Kabambe si aibu, ila laini ni ya nani?

Usimcheke kijana wa Lodwar anayekunja kabambe yake na kuitia mfukoni. Redio imo, tochi imo, M-Pesa imo. Chaji hudumu siku kadhaa, na kredo ananunua kidogo kidogo.

Shida ni laini. Kule Kakuma, tangu 2015 wakimbizi walianza kutumiwa sehemu ya mgao wa chakula kwa simu, kupitia Bamba Chakula. Lakini kusajili laini yako mwenyewe kunahitaji kitambulisho. Asiye nacho, awe mkimbizi au mwenyeji, huomba ya rafiki. Siku wakikosana, pesa ni za mwenye jina.

Wewe je? Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Simu ikiharibika utanunua nyingine. Jina je?