Viroba viliondoka, mawazo yakabaki

Kenya ilipiga marufuku pombe ya vifuko kwa sheria ya mwaka 2010. Tanzania ilifuata Machi 1, 2017, na Uganda mwaka 2019. Kwenye makaratasi, nchi hizi tatu jirani zina msimamo mmoja. Mipakani, kuanzia Busia hadi Namanga, tatizo bado lipo.

Marufuku ilimwondolea mnywaji kifuko, lakini haikumwondolea sababu ya kukinunua. Aliyekosa kiroba mara nyingi hahamii kwenye soda. Huhamia kwenye gongo, chang'aa au waragi wa kienyeji, ambao hakuna aliyeupima. Februari 2024, zaidi ya watu 10 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga, Kenya, baada ya kunywa pombe yenye sumu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Shirika hilo linasema pia kwamba kwa kiwango kilekile cha unywaji, maskini hudhurika kuliko tajiri. Sababu si ngumu kuiona. Mwenye mshahara akishindwa kuamka siku moja, mwisho wa mwezi bado analipwa. Mchuuzi akishindwa kuamka, nyanya zinaoza, mtaji unakatika na marejesho ya kikundi yanamsubiri.

Deni huleta aibu, na aibu hukosesha usingizi. Hapo pombe huonekana dawa. Humlaza mtu haraka, kisha humwamsha usiku wa manane, na asubuhi wasiwasi umeongezeka. Ndivyo pombe, sonona na ufukara vinavyolishana.

Anayezidiwa hukutana na tofauti nyingine ya mpaka. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Tanzania na Uganda, jaribio hilo bado ni kosa kisheria. Mtu yuleyule, kwa maumivu yaleyale, upande mmoja anaweza kutazamwa kama mgonjwa na upande wa pili kama mtuhumiwa. Hofu hiyo huwafanya wengi wanyamaze na kuendelea kunywa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweza kuweka vituo vya pamoja vya forodha, ambako mzigo hukaguliwa na nchi mbili kwa mara moja. Afya ya anayeuvusha mzigo haijapewa uzito huo. Dawati la ushauri katika kituo cha mpakani lingegharimu kidogo kuliko misako ya pombe inayorudiwa kila mara. Nako kwenye vikundi vya mikopo, mwanachama anayeanza kuchelewesha marejesho na kukwepa vikao huenda anahitaji kuulizwa hali yake kwanza, kabla ya kupigwa faini.