Mtoto Aelezwe Kwa Nini Maji Yachemshwe

Amri hii inajulikana karibu katika kila nyumba: "Usinywe maji hayo, hayajachemshwa." Ni amri njema. Lakini mtoto akiuliza kwa nini, mara nyingi hujibiwa, "Nimesema usinywe." Maoni yangu ni kwamba jibu hilo halitoshi. Mtoto aliyepewa amri bila sababu huitii akiwa mbele ya mama yake tu. Akiwa machungani na ng'ombe, au njiani akitoka shule huku jua likiwaka, ataliona lambo, atainama na kunywa.

Kwetu sisi jambo hili si dogo. Hapa Bariadi, na pia Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ziko kaya zinazochota maji malamboni, katika visima vya wazi, na wakati wa kiangazi katika mashimo yanayochimbwa kwenye mchanga wa mito. Mara nyingi mifugo nayo hunywa papo hapo. Katika msimu wa mvua wa 2023 kuingia 2024 kipindupindu kiliufikia mkoa wetu wa Simiyu. Homa ya matumbo na kuhara damu nazo hupitia njia hiyo hiyo. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu mwili mdogo hukaukiwa maji upesi.

Basi mtoto aelezwe nini? Somo liko jikoni, wala halihitaji maabara. Teleka sufuria ya maji bila kifuniko, umweke mtoto mbali kidogo na mafiga asije akaungua, kisha atazame pamoja nawe.

Kwanza, ataona vipovu vidogo vimeng'ang'ania chini na kandokando ya sufuria. Mwambie kwamba hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya maji. Maji yakipata moto hayawezi kushika hewa nyingi, kwa hiyo inatoka. Watu wengi huipua sufuria hapo, wakidhani kazi imekwisha. Bado.

Pili, atasikia sufuria ikianza kuvuma. Mapovu ya mvuke yanazaliwa chini penye moto, lakini yakipanda hukutana na maji yasiyo moto wa kutosha, nayo husinyaa kabla ya kufika juu. Hiyo ndiyo sauti anayoisikia. Bado tena.

Tatu, mapovu makubwa yatapanda kutoka chini na kupasuka juu, na maji yote yatatokota. Sasa ni maji yenyewe yanayogeuka kuwa mvuke. Hapo ndipo yamechemka.

Akiuliza vijidudu vimekwenda wapi, mkumbushe yai. Yai likichemshwa hugeuka, wala haliwezi tena kuwa bichi. Vijidudu vya maradhi havionekani kwa macho, lakini navyo ni viumbe hai, na joto huviharibu kwa namna hiyo hiyo. Vingi hufa hata kabla ya maji kuchemka, joto likifika nyuzi 70 na kukaa hapo kwa muda. Lakini nyumbani hatuna kipimajoto. Mapovu makubwa ndiyo kipimajoto chetu, nacho hakiuzwi dukani.

Mwanafunzi wa darasa la juu anaweza kusema, "Mwalimu ametufundisha kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100." Ni kweli, kwenye usawa wa bahari. Lakini Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Huku kwetu hewa hukandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko pwani, kwa hiyo huchemka kwa nyuzi kama 96 au pungufu kidogo. Hata hivyo joto hilo latosha kabisa kuua vijidudu hivyo.

Jambo jingine litawafurahisha akina mama. Maji yakishachemka, ukizidisha kuni hayapati joto zaidi. Yanapungua tu kwa kugeuka mvuke. Yaache yatokote dakika moja, kisha ipua. Anayechemsha kwa nusu saa anateketeza kuni bure, nazo katika mkoa wetu hazipatikani kwa urahisi.

Mtoto ajue pia kwamba kuchemsha hakuondoi tope wala chumvi. Maji ya tope yatulie kwanza, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yachemshwe. Yakishapoa yakae katika chombo safi chenye kifuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, kwa maana mkono mchafu mmoja hurudisha vijidudu vyote. Akilalamika kwamba hayana ladha, mwambie hewa yake imetoka. Yamiminwe mara chache kutoka chombo safi hadi chombo safi kingine, nayo itarudi.

Tusiwachoke watoto wanaouliza. Mwaka 1963 mwanafunzi Mtanzania, Erasto Mpemba, aliona shuleni Magamba kwamba mchanganyiko wake wa maziwa uliowekwa ukiwa moto uliganda kabla ya ule usiokuwa moto. Aliuliza sababu, akachekwa. Baadaye alimuuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakumcheka, bali alitaka jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha waliyoyaona, na wanasayansi duniani wanabishana juu yake hadi leo.

Udongo uupate uli maji. Wiki hii, maji yakiwa motoni, usiseme wewe kwamba yamechemka. Mwulize mtoto: "Je, tayari?" Akijibu, "Bado mama, hiyo ni hewa tu," ujue kwamba hata akiwa peke yake kando ya lambo atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kutokunywa.