Bima ya Nyumba: Benki Imejilinda, Nawe Jilinde

Wauguzi wenzangu wawili hapa Marekani wako mbioni kununua nyumba, na wote wameniuliza swali moja: "Dada, kwenye makaratasi ya mkopo bima imo tayari. Si inatosha?"

Inategemea ni bima gani. Kwa mkopo wa kawaida, ukitanguliza chini ya asilimia 20 ya bei, benki hukutoza bima ya mkopo. Unailipa wewe, lakini inamlinda mkopeshaji siku ukishindwa kulipa. Nyumba ikiungua, hupati hata senti. Deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani ya mwanzo, na hujachelewesha malipo, iandikie benki uombe iondolewe.

Bima ya nyumba ni nyingine. Hii ndiyo hujenga upya baada ya moto, na benki huidai kabla ya kutoa fedha. Angalia kiwango chake: kitoshe gharama ya kujenga upya, maana hiyo si sawa na bei uliyonunulia. Angalia pia kiasi utakachojilipia mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa. Ukiiacha ikatike, benki itakukatia ya kwake, kwa kawaida ghali zaidi, na mara nyingi haihusu vyombo vyako vya ndani.

Mafuriko kwa kawaida hayamo. Kimbunga Harvey kilipopiga Houston mwaka 2017, nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya maeneo yaliyotajwa kuwa ya hatari, na wenyewe hawakuwa na bima ya mafuriko. Mpango wa taifa hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo la familia moja, na hadi dola 100,000 kwa vitu vya ndani, ambavyo hukatiwa kando. Usingoje utabiri wa mvua: ukinunua baadaye, kwa kawaida utasubiri siku 30 ndipo ianze kazi.

La mwisho, riba isiyobadilika haina maana kwamba malipo ya mwezi hayabadiliki. Benki ikikusanya ada ya bima na kodi ya nyumba pamoja na mkopo, vikipanda navyo vinapandisha malipo. Kabla hujawaahidi wa nyumbani karo ya mwaka mzima, acha nafasi hiyo kwenye bajeti. Na kabla ya kutia sahihi, uliza kila bima kwa jina lake: hii ikilipa, fedha zinakwenda kwa nani?