Nguzo yangu ilikuwa ndefu kuliko zote

Wadau, leo nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Pale kazini, katikati ya chumba cha habari, ilitundikwa luninga kubwa. Si ya mpira wala ya taarifa ya saa mbili usiku. Ilikuwa ya grafu. Mabosi walileta programu ya kufuatilia kazi: kila stori ni kadi, kadi inahama kutoka "Haijaanza" kwenda "Inafanyiwa kazi" mpaka "Imekamilika", na luninga inachora nguzo moja kwa kila mwandishi. Ukikamilisha kadi, nguzo yako inapanda. Rangi ya kijani, inapendeza, mgeni akiingia anasema kweli hapa watu wanachapa kazi.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nguzo yangu ilikuwa na kadi 34. Naomba msinipongeze. Nilihudhuria semina na mikutano na waandishi wa habari 11, ile ambayo mgeni rasmi anachelewa saa mbili kisha anatusomea hotuba tuliyokwisha kugawiwa. Kila tukio nililifungulia kadi tatu: habari, maelezo ya picha na muhtasari wa tovuti. Hizo ni 33. Ya 34 ilikuwa kusahihisha jina la mgeni rasmi mmoja nililolikosea.

Dada mmoja aliyenitangulia kazini alikuwa na nguzo ya sifuri. Hakuwa amelala. Alikuwa anafuatilia mradi wa maji uliolipiwa na mabomba yasiyotoa hata tone, stori ambayo kila mmoja wetu husema ataiandika siku moja. Alipanda daladala, akahesabu mabomba, akasoma mikataba. Lakini kadi ni moja, na kadi isiyokamilika kwenye ile grafu haipo. Mwezi ulipoisha mimi nikatangazwa mfanyakazi bora, yeye akapewa barua ya onyo. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Haukuongezwa.

Sasa nisikilizeni. Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na watu wenye taarifa nzima mkononi wanaochagua kuchora ile isiyowauliza swali lolote.

Maana taarifa ipo! Programu za namna hii zinakumbuka kuliko bibi yangu. Chukueni Jira, ambayo ndiyo maarufu zaidi. Ilitolewa mwaka 2002 na kampuni ya Atlassian ya Australia, kwa ajili ya watengeneza programu waliotaka kufuatilia hitilafu. (Jina lenyewe limekatwa kutoka Gojira, ambavyo Wajapani humwita Godzilla. Dubwana kweli.) Kadi inabeba historia yake yote: ilifunguliwa lini, ilihama lini, ilikuwa mikononi mwa nani. Na ripoti zimo ndani: iko inayolinganisha kazi zilizofunguliwa na zilizofungwa, na iko inayoonyesha kazi ambazo hazijaisha zina umri wa siku ngapi kwa wastani. Iko pia ile inayochora kila hatua kama mkanda wa rangi, siku hadi siku. Mkanda ukianza kunenepa, ujue kazi zinarundikana hapo. Huhitaji shahada kuisoma. Unaona tumbo linavyotokeza.

Programu yetu nayo ilikuwa na michoro hiyo. Siku moja, baada ya dada yule kupewa barua, nilibaki ofisini usiku nikaifungua. Nilipoangalia kadi yake nikakuta kazi yake mwenyewe, ya miguu na kalamu, ilikuwa siku 9. Siku 17 kadi ilisubiri majibu ya ofisi inayohusika na mradi. Baada ya hapo ilikuwa kwa wakili wa gazeti, na bado ilikuwa huko.

Kwa wakili ndiko nilikochoka kabisa. Kulikuwa na kadi 30 kwenye foleni, na wakili, mmoja peke yake, alikuwa anatoa 2 kwa siku. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo mama ntilie yeyote anaijua kwa vitendo: kama foleni haibadiliki sana, gawa idadi ya waliomo kwa idadi ya wanaotoka kwa siku, utapata muda wa kusubiri. Thelathini kwa mbili ni siku 15. Mwandishi awe hodari awe mzembe, stori nzito ingekaa siku 15 pale. Habari zangu za semina hazikupita kwa wakili. Nani ashtakiwe kwa hotuba ya ufunguzi?

Kwa hiyo ile luninga ilikuwa na uwezo wa kutuambia kwamba tunahitaji wakili wa pili. Badala yake ikatuambia kwamba tuna mwandishi mvivu. Na mwandishi ni rahisi kumwondoa kuliko kumlipa wakili, sivyo?

Najua mtakachosema, hasa nyinyi mliokwisha kuwa wakuu wa vitengo. Bila grafu bosi atajuaje nani anafanya kazi na nani anazurura? Swali la haki. Wazururaji wapo, nawajua, wengine tunakunywa nao chai. Lakini hesabu ya kadi zilizofungwa haiwakamati. Inawafundisha kupasua kadi. Mimi nilijifunza ndani ya wiki moja, na sikufundishwa na mtu. Mzururaji mwerevu atakuwa na nguzo ndefu daima, kwa sababu anayefungua kadi ndiye anayeamua ukubwa wake, na grafu inahesabu nazi na korosho kama kitu kimoja.

Anayetaka kujua kweli aweke ukutani kitu kimoja: orodha ya kazi ambazo hazijaisha, ya zamani kuliko zote ikiwa juu, na pembeni ya kila moja idadi ya siku na mahali ilipokwama. Haipendezi. Haina kijani. Mgeni akiingia ataona aibu yetu. Asubuhi ya kwanza tungeona kadi ya mabomba iko juu, "kwa wakili", na mhariri angelazimika kunyanyua simu. Nilipopendekeza hivyo kwenye kikao niliambiwa orodha ya namna hiyo "inavunja moyo wafanyakazi". Wafanyakazi gani? Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyo.

Yeye alipoondoka, kadi yake ilihamishiwa kwangu. Siku ya 41 wakili akairudisha. Nikabadilisha sentensi mbili, nikampigia dada simu kuhakikisha tarakimu moja, akanijibu vizuri tu, hata hakunilaumu. Kisha nikabofya "Imekamilika". Gazetini stori ilitoka na jina lake. Ukutani nguzo yangu ikapanda moja.