Habari za chuo zifike hadi madrasa



Naomba nieleze jambo linalowahusu vijana wetu wa Kiislamu walioko kidato cha tatu na cha nne, hasa huku kwetu vijijini Kilwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto niliowafundisha kusoma na kuhesabu ndio hao sasa wamo katika shule ya kata, na jioni wakienda madrasa hunisimamisha wakaniuliza habari za chuo. Maswali yao yamenionyesha kwamba wengi wanaamini kuna njia mbili, ya dini na ya chuo, na anayefuata moja lazima aiache nyingine.

Zamani imani hiyo ilikuwa na sababu. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wetu walichelea watoto wasije wakabadilishwa dini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika chini ya Serikali. Leo msichana anavaa hijabu darasani, na ada imeondolewa: kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na cha sita tangu 2022. Mlango wa shule uko wazi. Kijana anakwama mwishoni, anapokitazama chuo, na kinachomkwamisha hapo mara nyingi ni kukosa habari.

Nianze na mkopo. Vijana kwa wazazi wao wanasema mkopo wa elimu ya juu ni riba, riba ni haramu, basi. Maneno hayo hayakuzuka hivi hivi. Bodi ya Mikopo ilikuwa ikitoza asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya fedha, na wapo vijana wacha Mungu walioacha kuomba kwa sababu hiyo. Lakini siku ya Mei Mosi mwaka 2021, huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Mfanyakazi anayedaiwa na Bodi habari hizo anazo siku nyingi, ila huku kijijini hukumu ya zamani bado inatolewa juu ya tozo ambayo haipo. Imebaki ada ya uendeshaji, ya mara moja, na hiyo masheikh ndio wenye kuisemea; mimi si mwanachuoni. Ila mwanachuoni naye atahukumuje jambo ambalo hakupewa habari zake? Tena tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imewafikia hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Hilo nalo wengi hapa hawajalisikia.

Jambo la pili ni zito zaidi, maana likishatokea halirekebishiki kwa tangazo. Kijana anayeipenda dini yake huchukua somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika mtihani wa kidato cha nne. Ni haki yake, na huenda ndilo analolifaulu vizuri kuliko yote, kwa kuwa alilianza madrasa akiwa mdogo. Lakini kozi nyingi za cheti na stashahada zinadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Akipata D nne, moja ikiwa ya dini, anahesabiwa kuwa na tatu. Nyumbani wamekwisha kushangilia, pengine na jogoo amechinjwa, halafu siku ya kuomba chuo anaambiwa hana sifa. Kanuni hiyo inawahusu pia wenzao wanaosoma Maarifa ya Biblia, kwa hiyo asije mtu akasema imewekwa kuwaonea Waislamu. Ubaya ni kwamba kijana anaijua baada ya mtihani, wakati alipaswa kuijua alipokuwa akichagua masomo. Asiambiwe aliache somo la dini. Aambiwe mapema kwamba hayo manne mengine lazima yapatikane kando yake.

Na hayo manne anayatafuta kwa taabu. Huamka alfajiri kwa sala, hutembea hadi shule, hubaki masomo ya ziada, kisha madrasa, kisha maji na kuni, na daftari hulifungua usiku amechoka. Saa za madrasa zimepangwa na watu, na watu wanaweza kuzibadilisha. Mwalimu mkuu na ustadhi wakikaa pamoja, mtahiniwa anaweza kusoma madrasa Jumamosi na Jumapili tu kwa muhula ule wa mtihani. Ramadhani nayo itazamwe mbele. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja. Mwaka 2019 iliingia mwezi Mei, mwezi wa mtihani wa kidato cha sita, na kwa hesabu hiyo mwaka 2034 itaangukia Novemba, mwezi wa kidato cha nne. Watahiniwa wa mwaka huo ndio hawa ninaowafundisha silabi.

Kwa walimu wenzangu wa msingi nina neno moja kuhusu majina. Ombi la mkopo linataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Mtoto akiwa Khamis katika cheti na Hamisi katika daftari letu la mahudhurio, Hadija huku na Khadija kule, jina la shuleni ndilo linaloandikishwa mtihani wa darasa la saba na kumfuata mpaka chuo, na huko ataanza kuzunguka na viapo vya mahakamani vinavyokula nauli ya mzazi. Tudai cheti siku ya kuandikisha darasa la kwanza.

Naiomba Bodi ya Mikopo na Wizara ya Elimu ziandike karatasi moja ya Kiswahili chepesi: tozo ile imefutwa, masomo ya dini hayahesabiwi katika yale manne, na vyeti vinavyohitajika ni hivi. Masheikh wa wilaya na wa kata wapewe kupitia BAKWATA, isomwe misikitini baada ya sala ya Ijumaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Kwa kata yetu nakala kumi zinatosha. Misikiti nimekwisha kuihesabu.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilwa, Lindi.