Mke Mwenza Wangu Anaitwa Final Fantasy

Mwezi huu naungama. Ofisi yangu iko Kisarawe, nyumbani ni Kibaha. Nikitoka kazini napita Pugu, nakula foleni ya Dar, nafika Maili Moja saa 3 usiku nikiwa hoi. Siku moja nikamkuta mume wangu kaikodolea macho PlayStation yake kuukuu. Watoto hawajala, hata "pole na kazi" sikuambiwa. Nikachomoa waya ukutani.

Hakufoka. Alinitazama tu, akatoka nje. Siku 3 nyumba ikawa kimya.

Kumbe kwenye gemu lile huwezi kuhifadhi ulipofikia popote utakapo. Mpaka uwe kwenye ramani kuu au ukute sehemu maalumu. Nilimpotezea saa nzima na ushee. Lakini kilichomuuma si saa. Yule shujaa alikuwa amempa jina la kaka yake, marehemu. Ujana wao walicheza pamoja, kamusi pembeni, maana gemu lenyewe ni kusoma mwanzo mwisho. Kiingereza anachotumia kazini leo kilianzia pale.

Basi nikamwambia, hebu nieleze. Final Fantasy iliongozwa na Hironobu Sakaguchi katika kampuni ya Square, Japani, mwaka 1987. Jina linadai ni ndoto ya mwisho, ila ni kama mgeni anayeaga huku anavuta kiti: mwaka 2023 likatoka la 16! Mara nyingi kila namba ina hadithi mpya na watu wapya. La 7, la mwaka 1997, lilijaza CD 3 na kuuza nakala zaidi ya milioni 10. Humo binti muuza maua, Aerith, anauawa katikati ya safari, na harudi. Watu walizoea kuona wanaokufa kwenye gemu wakifufuka, kwa hiyo wengi walilia kweli. Muziki wake ni wa Nobuo Uematsu. Na Julai 23, 2021, Olimpiki ya Tokyo ilipofunguliwa, mataifa yaliingia uwanjani, Tanzania ikiwemo, yakisindikizwa na muziki wa magemu, Final Fantasy likiwa mojawapo.

"Kaka alipofariki," akaniambia, "nilishajua mtu anaweza kuondoka na safari ikaendelea bila yeye. Ila nilitaka jina lake lifike mwisho."

Nilikosa la kusema. Nikamwomba radhi. Naye akaniomba, kwa sababu njaa ya watoto haina cha kuhifadhi ukaendelee nayo kesho.

Sasa tuna mkataba: watoto wale, mimi nipokewe, kisha pedi ishikwe. Jumapili nakaa pembeni yake na kikombe changu cha chai, namsaidia kusoma.

Shoga yangu, kaka yangu, kabla hujachomoa waya wa mwenzio, muulize kwanza ndani mle yuko na nani.

Tukutane mwezi ujao.